Nati za tairi zilizokazwa kupita kiasi: kuzifungua bila kukata studi

Toyota nyingi ndogo za barabara zetu, kuanzia Vitz, IST na Probox hadi Noah na RAV4, zina studi (vyuma vyenye nyuzi za kujisokota vilivyochomoza kwenye habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu) za unene wa milimita 12 na nati za soketi ya milimita 21. Kipimo cha kukaza ni 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwa kila nati. Kwa hesabu ya gereji: shika wili spana yenye mkono wa sentimita 30, weka uzito wa kilo 35 kwenye ncha yake, umefika. Mtu wa kilo 70 akipanda juu ya spana hiyohiyo ameshafika mara mbili ya kipimo. Akichomeka bomba la mita moja na kulikanyaga, anakaribia 700 Nm. Mashine ya upepo yenye kompresa iliyojaa nayo inapita 500 kwa urahisi, na kila anayeishika huamini kuwa "imekaza vizuri".

Anayekuja kulipia ni dereva aliyepata pancha usiku, mkononi ana ile spana fupi iliyokuja na gari kutoka Japani.

Inafaa kujua nini kimetokea kwenye chuma. Nati haishiki rimu kwa kukwama. Inaivuta studi, studi inarefuka kidogo sana, na mvuto wake wa kutaka kurudi ndio unaobana rimu kwenye habu. Kwa 103 Nm kwenye nyuzi kavu, studi moja ya milimita 12 inabana kwa nguvu ya takriban tani 4. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako huishia kwenye msuguano, chini ya nati na kwenye nyuzi. Yapata asilimia 10 tu ndiyo inayovuta studi. Ukipita kipimo sana, studi inavutika moja kwa moja na hairudi tena. Nyuzi zinasagana, sehemu ya rimu inapokaa nati inabonyea, na nati zisipobana sawasawa zinaipinda diski ya breki kiasi cha usukani kutetemeka unapokanyaga breki. Wengi hubadilisha pedi kwa tatizo hilo, kumbe chanzo ni nati.

Kufungua

Gari likae pagumu na tambarare, hendibreki juu, gia kwenye P au gia ya kwanza kwa manuali, jiwe mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. Jeki bado. Nati zilegezwe tairi likiwa chini, kwa sababu tairi la mbele lililo hewani litazunguka nawe, na gari lililo juu ya jeki likisukumwa kwa nguvu linaanguka.

Weka kando ile spana ya gari kama mdomo wake umeshalika. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika ncha za nati tu, na ikiteleza mara moja umeshaiviringisha nati, yaani pembe zake zimelika. Honda na Subaru nyingi zinataka 19, Volkswagen 17. Pima kwanza kwa kuichezesha: soketi ikicheza kwenye nati, si yake. Nati zenye kofia ya bati linalong'aa zina ujanja wake, kwani bati huvimba kwa kutu hadi 21 haiingii na 22 inacheza. Hapo soketi ya 21 hugongwa kwa nyundo mpaka ikae, na nati hizo zikitoka zisirudishwe.

Ncha ya studi ikionekana, isugue kwa brashi ya waya, pulizia WD-40 au mafuta mengine ya kulegeza kutu, subiri dakika 15 hadi 20. Kwenye nati iliyokazwa tu bila kutu, mafuta hayasaidii sana, lakini hayadhuru mradi yasifike kwenye diski na pedi.

Kisha mkono mrefu: sentimita 60 hadi 75 unatosha kwa karibu kila gari dogo. Uelekeze kushoto, ukilala sambamba na ardhi, usukume kwenda chini kwa uzito wa mwili. Kuvuta kwenda juu ndiko kunakoumiza mgongo. Ukitumia ekstensheni, weka stendi ya jeki au tofali chini ya shingo ya soketi, maana bila egemeo mkono mrefu huinamisha soketi na kuikata nati pembe. Ongeza uzito polepole. Kurukaruka juu ya spana ni njia ya kuvunja studi, au mguu.

(Malori ya Kijapani ya zamani, Fuso na wenzake, ni kesi nyingine: magurudumu ya upande wa kushoto mara nyingi yana nyuzi za kinyume, yanafunguka kwa kuzungusha kulia. Tafuta herufi L kwenye ncha ya studi kabla ya kumlaumu fundi kwamba alikaza mno.)

Sikiliza chuma. Nati iliyokazwa mno ikiachia hupiga mlio mkali, kisha inazunguka laini. Hiyo ni salama. Ukisikia mkono unazama taratibu kama mpira bila mlio wowote, simama: ama soketi inateleza, ama studi inajisokota na inakaribia kukatika. Rudisha kidogo upande wa kukaza, ongeza mafuta, ngoja, jaribu tena. Na nati ikiachia lakini ikabaki ngumu njia nzima, tatizo lake ni nyuzi. Izungushe nusu duara nje, robo ndani, mafuta, tena nusu nje. Ukiing'ang'aniza mfululizo, joto la msuguano litaigandisha katikati ya safari.

Sababu kubwa ya hali hiyo ni nati za kuokoteza. Toyota, Honda na Mazda zina nyuzi za hatua (umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata) ya milimita 1.5, Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zina 1.25. Zote milimita 12, zote zinafanana ndani ya ndoo ya muuza spea. Nati ya Nissan kwenye studi ya Toyota huingia kidogo tu kisha inakataa. Kwa mkono ungegundua, lakini mashine ya upepo haijui kukataliwa, inachonga nyuzi mpya juu ya za zamani.

Nati ikishaviringika, kuna soketi maalumu zenye meno ya kujipinda ndani, zinazozidi kung'ata kadiri unavyofungua. Zisipopatikana, soketi ndogo kidogo, 20 au 19 kutegemea nati ilivyolika, hugongwa juu yake. Moto wa gesi usitumike tairi likiwa na upepo. Joto likipenya kwenye rimu linaweza kulipasua tairi kwa nguvu ya kuua, na rimu za spoti za aluminiamu hudhoofika. Studi inayozunguka pamoja na nati ndani ya habu si kazi ya barabarani. Hiyo ni ya kukata au kuchomelea gereji.

Ikikatika, ondoa kalipa na diski, sukuma kipande nje kwa presi au kifaa cha kubana. Nyundo inafanya kazi pia, ila kila pigo linapita kwenye beringi. Studi mpya huvutwa ndani kwa washa kadhaa na nati ya nyuzi zilezile ambayo haitarudi kwenye gari, kwa sababu nati inayotumika kuvuta huharibika. Jirani zake wawili wabadilishwe pia, wamebeba mzigo wa aliyekatika. Magari ya Ulaya, Volkswagen na Mercedes kwa mfano, yana boliti badala ya studi: kuibadilisha iliyovutika ni rahisi, lakini ikikatikia ndani ya habu ni kutoboa kwa dirili na kuing'oa.

Kabla ya kurudisha

Nati zikishatoka salama usifikiri zimepona. Kila moja izungushe kwa vidole kwenye studi yake mpaka mwisho. Ikienda vizuri kisha ikabana katikati, studi hiyo imevutika. Hatua ya nyuzi zake si ileile tena. Ibadilishe, hata kama inaonekana mpya. Angalia pia umbo la nati inapokaa: koni, duara au bapa yenye washa. Honda nyingi zina duara, rimu nyingi za kununua mtaani zinataka koni, na mchanganyiko hugusa mahali padogo mno hata ukikaza kwa kipimo.

Futa mafuta yote kwenye nyuzi. Kipimo cha 103 ni cha nyuzi kavu. Msuguano ukipungua, nguvu ileile inaivuta studi theluthi zaidi au hata kupita hapo. Grisi kwenye nyuzi za nati za tairi ni ushauri wa mtaani nisioukubali. Kidogo sana katikati ya habu, panapogusana na rimu, sawa.

Anza kwa vidole, nati zote. Kaza kwa kuruka moja, kwa mpangilio wa nyota: kwanza kama 50 Nm, kisha shusha tairi liguse ardhi na umalizie 103. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ikilia mara moja, acha. Kuirudiarudia "ilie vizuri" kunaongeza. Wala isitumike kufungulia. Kwa fundi tairi, sema kabla hajaanza: "Fundi, mashine ifungue tu, kukaza naomba kwa mkono." Akimaliza kwa wili spana fupi na mikono miwili bila mguu, atakuwa karibu na kipimo kuliko mashine yoyote.

Pima tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa. Nati ikisogea kidogo ni kawaida mara ya kwanza. Ikisogea tena mara ya pili, toa tairi uangalie kutu au rangi kati ya rimu na habu.