Saadani: usiende kuhesabu simba

Kila nikitaja Saadani kuna mtu ataniambia "kule hamna wanyama bana". Wapo, tena kibao, twiga, kuro, kongoni, ngiri, tembo nao kwa bahati yako, ila ukienda na akili ya Serengeti utarudi umenuna. Saadani ndio hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara ambayo mbuga inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, kwa hiyo mi nasema ratiba yako waachie maji, wanyama utakutana nao njiani.

Sisi tulienda siku za bamvua. Kwa wasiojua, bamvua ni pale mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na pwani yetu hii yanakupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi hivi halafu yanajaa saa kumi jioni. Saa mbili nahodha kashasimama kwenye boti anatupigia kelele, "Dada njooni, mkichelewa fungu linazama!" Fungu lenyewe ni Mafui, mchanga mweupe unaochomoza katikati ya bahari maji yakipwa, pembeni kuna matumbawe, unavaa miwani unachungulia samaki wa kila rangi, na ukigeuka bara unaona pori tupu, hamna hoteli ya ghorofa wala muziki. Baadaye maji yakaanza kututambalia miguuni tukajua ndo basi.

Mchana jua kali, tukalala, sina cha kusimulia.

Jioni sasa ndo utamu, mto Wami. Maji yakijaa boti inapita vizuri mdomoni mwa mto, mnaanza na mikoko, halafu mnavyozidi kupanda mikoko inapungua inaingia mikindu na miti mikubwa, maana chumvi nayo inaisha taratibu. Viboko wamejaa, wanatoa pua wanakoroma, mamba kajilaza kwenye tope kaacha mdomo wazi, juu mbega wanaruka, na mdiria wadogo wale wa buluu wanapita kama risasi. Yule askari wa hifadhi tuliyekuwa naye alitusimulia habari za kasa pia, kwamba wanapanda kutaga ufukwe wa Madete, mayai yakiwa sehemu ambayo bahari itayafikia yanahamishwa, na vifaranga vinatoka baada ya miezi miwili hivi. Hatukuwaona, ni suala la msimu.

Msipitilize kijiji cha Saadani pia. Watu wanapita mbio kama vile ni kituo cha mafuta, wakati huo ndio mji wa Bwana Heri bin Juma, aliyewagomea Wajerumani mpaka manowari zao zikaupiga mizinga mwaka 1889. Leo ni wavuvi, na kamba wao wakikaangwa na ndimu, wallahi sikuongea mpaka sahani ikaisha.

Kama unapanga kwenda, masika usijaribu, ule udongo mweusi ukilowa gari inazama mpaka mlangoni. Nenda kuanzia Julai, angalia mwezi kwanza ndo ulipie chumba, na uliza mapema boti ya Wami inatoka saa ngapi siku hiyo, maana hiyo saa haipangwi na mtu.