Nilivyoizoea Guzzi mpya, kutoka Mandello hadi Stelvio

Kwa miaka minne nilikuwa napanda na kushuka barabara ya Mombo–Lushoto kwa pikipiki ya Boxer, nyuma yangu abiria au tenga la kabichi. Kushuka nilikuwa naweka fri, yaani nashika klachi injini isivute, ili kuokoa mafuta, kama wenzangu wote wa kijiweni. Jioni kazi ya mwisho ilikuwa cheni: kuifuta vumbi, kuikaza, kuipaka oili. Nilipohamia Lecco, kaskazini mwa Italia, nilikuja na mazoea hayo yote mwilini.

Huku leseni yangu ya Tanzania haikubadilishwa. Nilianza upya kama mtoto: nadharia, maswali 30 kwa Kiitaliano, na ukikosa zaidi ya matatu umefeli, kisha vitendo, kuzunguka koni uwanjani halafu barabarani. Koni zilinishinda mara ya kwanza. Nilipita mara ya pili, na siku hiyohiyo nilijua ni pikipiki gani ninayoitaka.

Kutoka Lecco hadi Mandello del Lario ni mwendo mfupi kando ya ziwa Como. Kiwanda cha Moto Guzzi kimekuwa hapo tangu 1921. Carlo Guzzi na rafiki yake Giorgio Parodi ndio walioianzisha kampuni, na tai aliye kwenye nembo amewekwa kumkumbuka mwenzao wa tatu, rubani Giovanni Ravelli, aliyefariki 1919 kabla ndoto yao haijatimia. Mwishoni mwa 2021, mwaka wa karne moja ya kampuni, walionyesha pikipiki ya safari yenye jina la mji huo: V100 Mandello. Ilipofika madukani mwaka uliofuata, wapenzi wa Guzzi hapa mjini walikuwa na neno moja tu mdomoni: maji. Injini inapozwa kwa maji! Guzzi waliwahi kutengeneza pikipiki ya mashindano ya silinda nane iliyopozwa kwa maji miaka ya 1950, lakini zile za barabarani zenye silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia zilikuwa zikipozwa kwa upepo tangu V7 ya miaka ya 1960. Wazee waliona kama nyumba ya babu imebadilishiwa paa.

Mmoja wa wazee hao ni jirani yangu, mstaafu, mwenye Guzzi 850 T5 ambayo anaifungua na kuifunga mwenyewe. Mwezi Juni 2023 nilimwambia nataka kukodi V100 kwa siku mbili, niende nayo hadi Stelvio, ile barabara ya mlimani yenye kona kali. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema atakuja na T5 yake, ila na yeye aandikwe kwenye mkataba ili aijaribu hiyo mpya. Wa tatu wetu alikuwa dada mmoja wa Mombasa, muuguzi anayeishi Bergamo, mwenye pikipiki yake ya cc 500. Tukaandikwa majina matatu. Tulipata toleo la S, lenye shokapu za Öhlins zinazojirekebisha zenyewe kwa umeme, na gia unazobadilisha bila kushika klachi.

Niseme ukweli kuhusu dakika kumi za kwanza. Nilivunjika moyo. Pikipiki ina kilo 233 ikiwa na mafuta, na pale kwenye maegesho yenye mteremko nilizihisi zote. Nikapiga resi kidogo ikiwa imesimama: ikatikisika kwa upande, kama mtu anayekupiga bega. Hilo ni kwa sababu kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imelazwa kwa urefu wa pikipiki, tofauti na Boxer ambayo kranki yake imekaa kwa upana. Mzee alicheka kwa furaha alipoona. Kwake ule mtikisiko ulikuwa salamu. Alikuwa na hofu kwamba wameuondoa kabisa.

Ukishaondoka, uzito unayeyuka. Sikuamini. Nilipofika mzunguko wa kwanza wa barabara nilikuwa tayari najiona mwepesi, miguu haijabanwa, mikono imeshuka kawaida. Tuliingia barabara kuu ya SS36, ile ya mahandaki marefu kando ya ziwa, na hapo nikaona kitu nilichokuwa nikikisoma tu. Spidi ilipopanda, mabawa mawili madogo ubavuni mwa tenki yakajiinua yenyewe. Kioo cha mbele nacho unakipandisha kwa kitufe. Kampuni inasema vyote pamoja hupunguza msukumo wa upepo kwa dereva kwa hadi asilimia 22. Mimi sina kipimo, nina kifua na mabega. Nilifika Colico bila yale maumivu ya shingo ninayoyajua. Guzzi walijenga handaki la kupimia upepo hapo Mandello miaka ya 1950, kwa hiyo mabawa haya si pambo lililobandikwa juzi.

Kutoka Colico unafuata bonde la Valtellina: Morbegno, Sondrio, Tirano. Ni njia ndefu yenye malori na mizunguko mingi, sina la ajabu la kusema juu yake, isipokuwa hili: injini haikudai nishushe gia kila mara. Ina nguvu farasi 115, lakini namba iliyonisaidia mimi ni nyingine. Nguvu ya kuvuta inafika Nm 105, na asilimia 82 yake tayari ipo injini ikizunguka mara 3,500 tu kwa dakika. Maana yake unaweza kutoka nyuma ya lori ukiwa gia ya nne, unavuta mafuta taratibu, nayo inakupeleka.

Tirano tulibadilishana. Dada alikuwa na wasiwasi wa kimo. Kiti kiko milimita 815 kutoka chini na yeye si mrefu. Alipanda, akagusa ardhi kwa ncha za vidole vya mguu mmoja.

"Kakangu, nishikie kwanza nijue uzito wake."

Nikashika kwa nyuma. Akaisimamisha wima, akailaza kidogo, akaisimamisha tena. Mara tatu. "Haya, wachia." Akaondoka hadi Bormio bila kugeuka. Alipovua helmeti macho yalikuwa yamelowa, akasema ni upepo, kisha akasema hapana, si upepo.

Baada ya Bormio ndipo mlima unapoanza. Kilele cha Stelvio kiko mita 2,757, na barabara yenyewe ilijengwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani. Nilipanda vizuri, kwa hofu lakini vizuri, kupitia mahandaki membamba yenye giza na maji yanayodondoka. Juu kulikuwa na theluji pembeni ya lami, mwezi Juni. Tukanywa chai, tukapiga picha. Shida ilikuwa upande wa pili, mteremko wa kwenda Trafoi na Prato, ambao una kona kali 48 na kila moja ina kibao cha namba.

Kwenye moja ya kona za kwanza za kulia, mkono wangu ulifanya ulichofanya miaka minne Lushoto: ukakamata klachi. Injini ikaachia gurudumu la nyuma. Boxer ikiachiwa hivyo inaserereka tu na wewe unaiongoza kwa kiuno. Hii ilianza kulala kuelekea ndani, polepole, na sikuwa na kitu cha kuisimamisha. Niliachia klachi kwa kishindo, nikaisimamisha, nikatoka nje ya njia yangu hadi upande wa wanaopanda. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari.

Mzee alisimama chini kidogo, akazima T5, akanisubiri. Hakunigombeza. Aliniuliza nilijifunzia wapi milima. Nikamweleza habari za fri, na pia kwamba kwetu tunaendesha kushoto. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa. Nilikuwa sijawahi kuliwaza: ukiendesha kushoto, kona iliyobana zaidi ni ya kushoto, huku ni ya kulia. Mwili wangu ulikuwa umezoea kinyume kwa miaka yote ile, na kwenye kona ya kulia macho yangu yalikuwa yanaangalia gurudumu la mbele.

Akanipa mambo ya kushika. Ingia kona ukiwa tayari gia ya pili, usibadilishe ndani yake. Klachi isahau. Mafuta yavutwe kidogo na yasikatike, na breki ya nyuma iguswe kama unakanyaga yai. Hivyo viwili vikivutana, pikipiki inatulia. Anzia nje kabisa ya njia yako. Na la mwisho, ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote: geuza kichwa hadi kidevu kikaribie bega, uangalie unakotaka kutokea, hata kama huko bado hujafika. "Huko chini injini yenyewe ni breki," alisema, akipiga kofi tenki la V100. Hapo nilijua ameshaikubali, maji na yote.

Nikahesabu kwa vibao. Kona tano zilizofuata nilikuwa nafikiria kila kidole. Kumi, nikaanza kusikia injini badala ya moyo wangu. Nilipovuka ishirini nilikuta nimegeuza kichwa bila kujiamuru, na pikipiki imeshapita, na iliyofuata imeshafika. Ile hali ya gia ya pili, mafuta madogo, mlio mzito wa silinda mbili unaogonga ukuta wa mawe na kurudi, sitaisahau. Asubuhi ya Jumapili tulizipanda kona zote 48 kurudi, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia.

Tulirudisha pikipiki jioni, kama kilometa 360 kwa siku mbili. Mgongo mzima, viganja vizima. Usiku nikamtumia mdogo wangu video. Yeye ndiye aliyerithi kijiwe changu Lushoto, na najua aliitazama akiwa amekaa juu ya Boxer. Alichelewa kujibu, nadhani aliirudia. Kisha akaandika:

"Shikamoo kaka. Mbona sioni cheni?"

Nikampigia. Nikamweleza kwamba hakuna cheni, kuna propela shafti kama ya lori, imefichwa ndani ya mkono wa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, na gia zake za mwisho zinakaa kwenye oili yake yenyewe. Haikazwi wala haipakwi kitu jioni. Akataka nirudie. Nikarudia, taratibu, naye akawa anawaeleza wenzake kijiweni neno kwa neno.