Mwenye Bendi na Mwenye Wimbo

Posa ya dada imepokelewa, mshenga ameondoka na jibu la heri, na ofisini nimekabidhiwa barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma. Hata hivyo, linaloninyima usingizi usiku huu ni neno la Mjomba. Wageni walipokwisha kuondoka niliweka wimbo wa jazi, "Take the 'A' Train", naye akadakia, "Duke Ellington huyo!" Nikamwambia kwamba bendi ni ya Ellington, ila mtunzi ni Billy Strayhorn. "Mwanangu," akasema huku akikoroga chai, "mwenye bendi ndiye mwenye wimbo." Ninyi mnaojua kwamba riziki yangu ni kuandika hotuba za kusomwa na wengine mtaelewa kwa nini kauli hiyo imenikaa kooni.

Hakunipa nafasi ya kumweleza kwamba mwanzoni mwa 1941 redio kubwa za Marekani zilikuwa zimegombana na ASCAP, chama cha watunzi, kuhusu malipo, zikaacha kurusha nyimbo za wanachama wake. Ellington alikuwa mwanachama, kwa hiyo tungo zake mwenyewe zikafungiwa mlango. Strayhorn, kijana wa miaka 25, hakuwa mwanachama. Wimbo wake kuhusu treni ya chini ya ardhi iendayo Harlem ulirekodiwa Hollywood tarehe 15 Februari, ukawa utambulisho wa bendi. Mwenye bendi aliokolewa na mwandishi wake, lakini mimi naambiwa mwenye bendi ndiye mwenye wimbo, tena na mtu anayekoroga chai! Nimelijibu neno hilo nikiosha vikombe, nikalijibu tena nikifunga madirisha, na kila jibu limekuja likiwa limechelewa.

Mwishowe nikausikiliza upya, nikacheka peke yangu. Saksafoni zikishamaliza kuimba kiitikio cha kwanza, linaingia tarumbeta la Ray Nance likiwa limezibwa mdomo, kisha bendi inapandisha ufunguo, yaani wimbo mzima unahamia sauti ya juu zaidi, na tarumbeta linarudi wazi. Nance alikuwa mgeni katika bendi hiyo, na wapiga tarumbeta waliomfuata wameishika solo yake kana kwamba ni sehemu ya utunzi. Kipande hicho ndicho Mjomba alichokuwa akikipigia mluzi barazani, noti kwa noti, nacho si cha Duke wala si cha Strayhorn. Akija Ijumaa nitamwomba apige mluzi wake tena, halafu nimwulize mwenye kipande hicho ni nani.

Ila tanki la maji linavuja tangu jana, na fundi hapokei simu.