Jiko lisilojua moto mdogo

Koili ya mbele kushoto kwenye jiko letu la umeme imegoma kupunguza moto. Weka moja, weka tatu, peleka mpaka mwisho, inawaka nyekundu ileile. Ukizima inazima, hapo sina ugomvi nayo. Lakini ukiwasha, mfuniko unarukaruka na chakula kinashika chini kabla hujageuka.

Kila aliyepita jikoni alitoa hukumu moja: koili imekufa, nunua nyingine. Sikukubali. Koili iliyokufa haiwaki. Hii ndani yake mna waya wa nikromu uliozungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu, basi. Haijui leo iwake kiasi gani. Anayeamua ni swichi. Tena swichi za majiko haya hazipunguzi umeme kama wengi tunavyodhani, zinaukata na kuurudisha. Mna kibamba cha metali mbili zilizoshikanishwa: kikipata joto kinapinda na kuachanisha ncha za umeme, kikipoa kinazikutanisha tena. Moto mdogo ni kukatwa muda mrefu na kuwashwa muda mfupi tu.

Usiku, watu wamelala, niliweka sufuria ya maji kwenye koili ya nyuma, moto mdogo, nikatega sikio. Tk. Wekundu ukafifia. Nikangoja. Tk, ukarudi. Nikahamia kwa ile korofi: kimya kabisa, na wekundu wake haukuyumba.

Asubuhi nikazima swichi kuu, nikachomoa hizo koili mbili, maana zina ukubwa sawa, nikazibadilishia nafasi. Ile korofi ikatulia kule nyuma, na mgeni wake wa mbele kushoto akaanza wazimu uleule.

Kilichonitisha zaidi nilikiona wakati wa kuchomoa. Mguu mmoja wa ile koili ulikuwa mweusi, una vishimo, na soketi yake imebabuka. Ukigusa unacheza. Mguu uliolegea hujipikia joto wenyewe pale pale kwenye maungio, na jiko litaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu. Kwangu hilo ni baya kuliko swichi mbovu; swichi angalau ilinipigia kelele kwa kuunguza sufuria.

Fundi alipofika nikamwambia, "Fundi, koili ni nzima." Akaipima bila kunijibu. Mita ikasoma karibu omu 35, ambayo kwa koili ya wati 1500 kwenye volti 230 ndiyo yenyewe. Akafungua swichi: ncha zimeungana kwa kuungua, hata kwa bisibisi haziachani. Akaweka swichi mpya na soketi mpya.

Kisha akaushika ule mguu mweusi, akatikisa kichwa. "Hii ukiirudisha itakula soketi mpya."

Kwa hiyo koili nayo ikanunuliwa, na waliotoa hukumu tangu mwanzo sasa wanajiona washindi. Nimewaachia.