Alama ya njano, alama nyekundu

Usiku wa nne sasa. Nimenawa mikono mara tatu na kucha bado nyeusi. Nataka niandike kabla sijalala, maana nikiamka kesho nitaanza kujisimulia kwamba nilijua tangu mwanzo. Sikujua.

Gari ni Mazda RX-7 ya kizazi cha pili, injini 13B isiyo na tabo. Ni injini ya rotari: haina pistoni, ina rota mbili za pembe tatu, ya mbele na ya nyuma, zinazozunguka ndani ya hausingi. Niliishusha mwenyewe, nikaifumua mwenyewe, nikaweka sili mpya za ncha (zile zinazoziba kwenye pembe za rota), springi zake na oringi zote, kisha nikaifunga na kuipandisha. Iliwaka kwa stata ya tatu. Ilitoa moshi mzito wa ile oili niliyoipaka kwenye rota, na kwa dakika kama mbili nilijiona fundi. Halafu moshi ukakata na ukweli ukabaki. Injini ilikuwa inamisi. Ukikanyaga mafuta kidogo inakohoa kupitia mdomo wa hewa, ukikanyaga zaidi inapiga baruti. Haikuwa na nguvu ya kupanda mzunguko, na bomba la ekzosi lilipata moto haraka kupita kiasi.

Hofu ya kwanza ya mtu yeyote aliyefunga rotari kwa mikono yake ni sili. Usiku wa kwanza wote ulikwenda huko. Nilitoa plagi za chini, nikamwambia mdogo wangu apige stata, nikatega sikio kwenye tundu la rota ya mbele. Rota ina nyuso tatu, kwa hiyo kila mzunguko wake mmoja unapaswa kusikia pumzi tatu zinazolingana. Ukisikia pumzi mbili nzito na moja ya mgonjwa, anza kuandaa winchi. Zilikuja sawa, tena sawa kabisa: puh, puh, puh. Nikahamia rota ya nyuma, nako vilevile. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Basi tatizo ni moto, si kompresheni.

Kwa waliozoea pistoni, niseme kidogo kuhusu huu moto, maana bila hapo yaliyofuata hayaeleweki. Kila rota ina plagi mbili. Ya chini imeandikwa L kwenye hausingi, ndiyo inayotangulia. Ya juu imeandikwa T, ndiyo inayofuata. Ziko mbili kwa sababu chumba cha kuchomea cha rotari ni kirefu, chembamba, na kinatembea huku kinaungua, hivyo mwali wa plagi moja hauwahi kufika pembe zote. Injini inapozunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika, L inatakiwa kuwaka digrii 5 baada ya kilele (pale chumba kinapobanwa kabisa) na T digrii 20 baada ya kilele. Ndiyo, baada. Fundi wa pistoni akisikia hivyo hudhani umekosea kusoma. (Ile Mazda 787B iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na rota nne zenye plagi tatu kila moja. Kumi na mbili! Wiki hii nimeshukuru sana kwamba zangu ni nne.)

Sasa aibu yangu ya kwanza. Puli ya mbele huwa na mifuo miwili midogo, mmoja umepakwa njano kwa ajili ya L na mwingine nyekundu kwa ajili ya T, na kwenye kifuniko cha mbele kuna kijiti kinachoielekea. Mimi, kwa furaha ya kufunga injini safi, niliipaka puli rangi nyeusi inayong'aa. Ikapendeza sana. Alama zote zikapotea. Nilipohitaji kuweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, nikaikwangua kwa msumari na thina hadi mifuo ikatokea, nikaazima vichupa viwili vya rangi ya kucha kwa mke wangu, njano na nyekundu, nikapaka kwa kukisia upi ni upi. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na uhakika pia, na uhakika ulinigharimu kuliko uchovu.

Nikabana kishikizo cha taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapopita kwenye waya uliobanwa, kwenye waya wa L, nikazungusha sensa ya pembe ya shafti, inayoiambia kompyuta injini imefika wapi, hadi njano ikasimama mbele ya kijiti, nikakaza nati. Kazi imekwisha, nikajiambia, taa imesema. Injini ikaendelea kukohoa. Nikaanza kuishuku sensa yenyewe. Meno yake yamekatwa kwa mshazari, ikishuka kwenye nafasi yake inajipinda kidogo, na ni rahisi kuirusha jino moja. Niliitoa nikairudisha mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa imekaa sawa. Usiku wa pili huo, umekwenda hivyohivyo.

Usiku wa tatu nilimpa mdogo wangu taa, nikakaa mimi kwenye kiti. Nilimwambia ahamishe kishikizo kwenye waya wa T anitajie anaona nini. Tarajio langu lilikuwa nyekundu.

"Kaka, hakuna kitu hapa."

"Hakuna vipi? Nyekundu ipo."

"Kijiti kinaelekea chuma kitupu. Nyekundu ishapita. Na njano ishapita."

Nilizima gari. Kama L imewekwa sawa, T lazima iangukie kwenye alama yake, kwa sababu kompyuta ndiyo inayoweka ile tofauti ya digrii 15. Mimi siigusi. T ikiangukia kwenye chuma kitupu, maana yake L haipo pale ninapodhani ipo. Nikashika spana nikaizungusha puli taratibu kwa mkono, upande injini inakozunguka, nikiangalia mfuo upi unafika kwanza kwenye kijiti. Wa digrii 5 lazima utangulie, wa 20 ufuate. Uliotangulia ulikuwa mwekundu.

Kwa maneno mengine, siku tatu nimekuwa nikiwasha L kwenye digrii 20 na T kwenye 35. Moto unafika chumba kimeshaanza kupanuka, nusu ya joto inaishia kwenye ekzosi. Ndiyo maana bomba liliwaka vile. Nikafuta, nikapaka upya, nikazungusha sensa, nikawasha. Sauti ikabadilika mara moja, ikawa nzito na yenye uhai, na ekzosi ikatulia. Mdogo wangu akapiga makofi. Nikakanyaga mafuta kusherehekea, na injini ikapiga baruti kwenye mdomo wa hewa kiasi kwamba sote wawili tuliinama.

Nikiri hapa kwamba nilishawishika kuacha alama na kuitafuta taimingi kwa sikio, nisogeze sensa mbele hadi ikae vizuri. Kwenye pistoni nimewahi kufanya hivyo na kusamehewa. Kwenye rotari moto ukiwahi kupita kiasi ni mlipuko mmoja mbaya tu na sili ya ncha imekatika, kazi yote inaanza upya. Nikaenda kulala.

Leo jioni nimerudi na swali moja: kwa nini inapiga kwenye hewa wakati L na T zote ziko kwenye alama? Nikapima tena T. Nyekundu imesimama kwenye kijiti kama askari. Halafu, sijui kwa nini, safari hii sikubana kishikizo karibu na koili, inakotoka cheche, kama siku zote. Nilikibana chini kabisa, karibu na plagi ya juu ya rota ya mbele. Alama ikatoweka. Si kwamba ilisogea, ilitoweka kabisa, kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa puli.

Waya za T zilikuwa zimepishana, ya mbele iko nyuma na ya nyuma iko mbele. Wakati wa kushusha injini nilizifunga vipande vya gundi ya karatasi nilivyoandika T1 na T2, na vipande hivyo vilibaki kwenye ndoo ya sabuni ya kusafishia grisi. Kurudishia nilikisia kwa urefu wa waya. Taa haikunidanganya hata siku moja. Inaona tu waya iliyobanwa, haijui ule waya unaishia wapi.

Lililonipoteza zaidi ni L. Waya za L ukizipishanisha hakuna kinachoharibika, kwa sababu plagi zote mbili za chini zinatoa cheche kwa pamoja. Ile isiyohitajika inaangukia kwenye gesi iliyokwisha kuungua, ambayo bado inapanuka. Nami nikachukulia T ni hivyohivyo. Kumbe nusu mzunguko baadaye ncha ya rota inakuwa imeshaipita plagi ya juu, na kilichoko mbele yake ni mchanganyiko mpya wa hewa na petroli, ndiyo kwanza unaanza kubanwa. Ukiuwasha hapo unarudi ulikotoka. Ndiyo sababu koili ya T ina pande mbili zinazojitegemea. Mchoro wenyewe nimeutazama miezi mingi bila kujiuliza kwa nini waliichora tofauti na ya L.

Nimebadilisha waya. Nimewasha. Imepanda mzunguko bila kukohoa, mara ya kwanza tangu niifunge, nami nikaiachia kwenye elfu tatu kwa sababu sili bado changa. Mdogo wangu ameandika T1 na T2 kwa kalamu isiyofutika, moja kwa moja kwenye mpira wa waya, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea.

Limebaki jambo moja. Ikipata moto vizuri haikai kwenye 750, inapanda taratibu hadi 1,100 na kubaki hapo. Nadhani kuna mpira wa hewa unaovuja mahali. Kesho nitaanzia kwenye ule mweusi mfupi nyuma ya intake, njia ya kuingizia hewa, ambao nao niliurudishia kwa kukisia.