Leza kwa mtoto wa jicho: soma kabla hujauza ng'ombe

Mzazi akiambiwa ana mtoto wa jicho, kwenye grupu la familia hakukosi anayeuliza kama hakuna leza. Anayeuliza ana nia njema kabisa. Yuko tayari kuuza ng'ombe wa Magu ili baba apelekwe mbali, akatibiwe bila kukatwa. Lakini mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoota ndani ya lenzi ya jicho, haondoki bila kukatwa, leza iwepo au isiwepo.

Leza hiyo, ya femtosekunde, ilitumika mara ya kwanza kwa ugonjwa huu mwaka 2008 huko Budapest. Inafanya hatua za mwanzo tu: inafungua njia kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho), inakata duara la milimita 5 hivi kwenye utando wa mbele wa kifuko cha lenzi, kisha inaipasua lenzi vipande vipande. Baada ya hapo daktari anaingia kwa mkono, anavisaga vipande kwa mawimbi ya sauti, anavifyonza na kuweka lenzi bandia. Pasipo leza, hatua zile za mwanzo anazifanya mwenyewe kwa vifaa vidogo vya mkononi. Majaribio mawili makubwa, moja la Ufaransa na jingine la Uingereza, yalitoa matokeo mwaka 2020: waliofanyiwa kwa leza hawakuishia kuona vizuri zaidi kuliko wenzao waliofanyiwa bila leza, ila gharama zao zilikuwa kubwa zaidi.

Na yule jirani aliyesafishwa jicho kwa leza kwa dakika chache, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo? Karibu kila mara huyo alishafanyiwa upasuaji zamani. Utando wa nyuma ya lenzi bandia huweza kuota ukungu miezi au miaka baadaye, na leza nyingine kabisa, ya YAG, ndiyo huutoboa. Hiyo ni tiba halali na rahisi, lakini haimtoi mtoto wa jicho.

Jambo linalotusumbua zaidi ni hili: macho mengi ya wazee wa Kanda ya Ziwa ndiyo yasiyoifaa leza. Mashine inahitaji kuona ndani ya jicho kabla ya kukata. Kovu kwenye konea huizuia, na mboni isiyopanuka vizuri huiziba njia. Mtoto wa jicho aliyekomaa hadi kuwa mweupe huificha lenzi isipimike kina chake. Mgonjwa hulazimika pia kutulia kimya huku jicho limeshikwa kwa pete ya kufyonza, ambayo hupandisha presha ya jicho kwa muda. Mwenye presha ya macho iliyokwisha kula mshipa wa fahamu wa jicho asiingie hapo bila mjadala. Pale leza inapopata hoja ni kwa mtu mwenye konea safi, lenzi isiyo ngumu, na konea iliyopinda kiasi cha kuhitaji kunyooshwa.

Kwa mzee wa kisiwa cha Ukara ambaye lenzi yake imekuwa ngumu na ya kahawia, upasuaji wa mkono wa njia ndogo mara nyingi ndio bora, wala si wa daraja la pili. Tundu lake ni milimita 6 hadi 7, linachongwa kama handaki kwenye weupe wa jicho na hujifunga bila kushonwa. Lenzi hutoka nzima. Ukiisaga lenzi ngumu hivyo kwa mawimbi ya sauti, nishati inayotumika huua chembe za ndani ya konea, na konea huvimba.

Kama una nguvu ya kubishana juu ya jambo moja, bishana juu ya vipimo vya lenzi. Jicho hupimwa urefu wake na mpindo wa konea. Kosa la milimita 1 kwenye urefu linaharibu nguvu ya lenzi kwa takriban diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3. Mtoto wa jicho akiwa mweupe, mashine ya mwanga hushindwa, hutumika ya mawimbi ya sauti. Mpimaji akiikandamiza kwenye jicho, urefu unasomeka mfupi, lenzi inachaguliwa kali mno, na mgonjwa anaishia kutoona mbali bila miwani. Mvuvi mwenye kinyama kilichoingia kwenye konea, na ni wengi kwa jua lile la ziwani, aulize kama kitolewe kwanza. Kinaivuta konea, vipimo vinadanganya.

Ukienda hospitali ya Bugando au Sekou Toure jijini Mwanza, taja kisukari, na taja dawa ya tezi dume iitwayo tamsulosin hata kama uliiacha, kwa sababu hulegeza mboni wakati wa upasuaji. Uliza: retina, utando wa nyuma wa jicho unaopokea picha, imeonekana? Uliza daktari anafanya njia ipi mara nyingi zaidi.

Pesa ya leza iende kwenye matone ya wiki kadhaa na malazi mjini. Kuonwa na daktari kesho yake ya upasuaji, baada ya wiki, na baada ya mwezi hivi si hiari, hata kwa anayetegemea meli ya Nansio, Ukerewe. Kwa wiki za mwanzo mgonjwa asioge ziwani wala kuvuta nyavu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu na kuona kukashuka, huenda ni maambukizi ya ndani: arudi hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.