Kompyuta Iliyopiga Chapa Ratiba za Mazishi

Mwenzangu wa kazini hapa Braunschweig, mtu wa makamo aliyezaliwa na kukulia katika mji huu, aliniuliza wakati wa chakula cha mchana kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ipi. Yeye alikua na Commodore 64, ile mashine iliyotoka mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, ambayo vijana wengi wa Ujerumani waliiunganisha na televisheni, na ambayo kampuni yake ilikuwa na kiwanda papa hapa Braunschweig kabla haijafilisika mwaka 1994. Aliisimulia kwa mapenzi makubwa: chumba chake, mlango aliokuwa akiufunga, kaseti iliyozunguka kwa dakika nyingi kabla ya mchezo kuanza. Zamu yangu ilipofika nilikosa jibu. Kompyuta tulikuwa nayo, ila neno "yangu" ndilo lililonikwama kooni, kwa kuwa ile ya kwetu haikuwa yangu, wala haikuwa ya baba aliyeilipia. Ilikuwa ya majirani zetu wote wa Migosi, Kisumu, na kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa mazishi.

Ilifika mwaka 1997. Baba, mwalimu wa sekondari, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika kutoka ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake, akaja nayo kwa basi la usiku, skrini ikiwa imeviringishwa blanketi na kupakatwa kama mtoto njia nzima, kupitia Nakuru na Kericho hadi asubuhi. Ilikuwa ya aina ya 486, yenye kumbukumbu ya megabaiti 8 na programu ya Windows 95, pamoja na printa ya sindano iliyopiga herufi juu ya utepe wa wino kwa kelele iliyosikika hadi nyumba ya tatu. Mama aliiweka sebuleni, akaifunika vitambaa vyeupe vya kufuma kama alivyofunika redio na migongo ya viti. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisisitiza tuiite tarakilishi, na katika insha niliiita hivyo, lakini nyumbani ilibaki kuwa kompyuta.

Kisumu ina masharti yake kwa mashine ya namna hiyo. Mvua yetu ya alasiri hutoka upande wa mashariki, na mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya milima ya Nandi, yeyote aliyekuwa nyumbani, hata mgeni, alipaswa kuchomoa waya ukutani kabla radi ya kwanza haijapiga. Usiku tulipambana na sam, wale wadudu wadogo wasiouma ambao huinuka ziwani kwa makundi yanayofanana na moshi, hasa katika siku zinazofuata mwezi mwandamo, na ambao hufuata mwanga popote ulipo. Skrini ilikuwa mwanga. Tulizima taa, tukafunga madirisha katika joto lile, na bado asubuhi mama alikung'uta kibodi iliyopinduliwa juu ya gazeti na sam waliokufa wakamwagika kama majani ya chai. Michezo ilikuwepo, karata za Solitaire na ile ya kutegua mabomu, nasi tuliicheza kwa zamu; sina mengi ya kusema juu yake.

Mama alikuwa karani mpiga chapa. Kwa miaka mingi alikuwa ametumia taipureta na karatasi za stensili, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba aliweza kuongea nasi huku akichapa barua bila kukosea. Habari zilipoenea kwamba ana kompyuta nyumbani, watu walianza kubisha hodi. Wengine walileta barua za kuomba kazi, wengine kumbukumbu za mikutano ya chama cha akina mama, lakini waliokuja kwa haraka na kwa sauti ya chini walikuwa wafiwa. Katika sehemu zetu, mazishi huhitaji ratiba iliyochapwa: picha ya marehemu, wasifu wake, utaratibu wa ibada, na kisha orodha ndefu ya aliowaacha. Wafiwa hawakutozwa hata senti. Waliombwa tu waje na karatasi zao wenyewe.

Mama ni Mmaragoli. Wazee wa Kiluo walimwita Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, na ingawa alielewa Kiluo, majina yalimpa taabu, hasa pale mtu mmoja alipokuwa na jina la kuzaliwa, la ubatizo, la babu na la utani. Mimi nilikuwa nimejifunza lugha ya baba kwa dani, nyanya yangu, wakati wa likizo. Kwa hiyo nikiwa na umri wa miaka tisa nilipewa kazi ya kukaa kando yake na kumsomea majina kutoka kwenye karatasi ya mfiwa, herufi kwa herufi. Baadaye akaniachia nichape mwenyewe.

Usiku mmoja, nadhani nilikuwa na miaka kumi, tulimaliza ratiba ya mzee aliyekuwa na wake watatu. Niliichapa orodha kama nilivyoikuta kwenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na mtu mwenye majonzi, mistari ikipandana, na watoto wa mke wa pili wakatangulia wale wa mke wa kwanza. Saa mbili baadaye mlango uligongwa. Waliingia wanaume watatu wa familia ile, wakasalimu, wakaketi, wakanyamaza kwa muda, kisha mkubwa wao akaiweka karatasi mezani na kumweleza mama kwa upole kwamba ratiba haiwezi kusomwa mbele ya watu ikiwa hivyo. Kisha akanigeukia mimi. Alinichorea boma kwa kidole kwenye kitambaa cha meza: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazamana na lango, ya nyachira, mke wa pili, upande mmoja, ya reru, wa tatu, upande wa pili. Akasema watoto hufuata nyumba za mama zao, na kwamba mtoto wa nyachira anaweza kuwa mkubwa kwa miaka kuliko wa mikayi na bado akatajwa baada yake.

Nilidhani tungeanza upya. Katika enzi ya stensili, mama angechukua karatasi nyingine na kuchapa ukurasa mzima tena. Badala yake alinishika mkono akauweka juu ya kipanya, akanionyesha jinsi ya kuitia kivuli ile mistari kumi na moja ya nyumba ya mikayi, kuikata, na kuibandika juu. Orodha nzima ilisogea, kila jina likashuka na kutua mahali pake, na wale wanaume watatu, ambao walikuwa wameinama kutazama skrini, walivuta pumzi kwa pamoja. Kazi ninayoifanya leo, ya kupanga data za watu wengine ili zikae kwa mpangilio unaoeleweka, ilianzia kwenye kiti kile.

Dani alifariki mwaka 2000, wakati ukame ulipokausha mabwawa ya Mto Tana na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Mchana hakukuwa na stima. Ratiba yake niliichapa usiku, watu wakiimba nje chini ya turubai, mama akiwa amesimama nyuma yangu na taa ya chemli tayari mkononi, na kila baada ya mistari michache aliniambia, "Hifadhi, mwanangu, hifadhi." Niliihifadhi kwenye disketi ya megabaiti 1.44. Miaka mitatu baadaye, nikiwa shule ya bweni na mama akiwa matangani, radi ilipiga alasiri moja na hakukuwa na mtu wa kuchomoa waya. Fundi aliifungua, akanusa, akaifunga. Disketi kumi na moja zilibaki kwenye kopo la biskuti.

Nilikuja nazo Ujerumani. Mwezi uliopita mama alinipigia simu kusema nyumbani wanapanga ibada ya kumkumbuka dani na hakuna aliyebaki na ratiba ile. Nilinunua kifaa cha kusomea disketi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Tisa hazikusomeka kabisa. Ya kumi ilikuwa na barua za chama. Ya kumi na moja ilikuwa na dani. Programu ya kuandikia ya LibreOffice iliifungua ratiba ikiwa imevurugika pembezoni, lakini majina yote yalikuwepo, hata kosa langu katika jina la shangazi.

Nilimsomea mama kwa simu, jina baada ya jina, kama zamani, naye akajibu kila moja: huyu yupo, huyu alitutoka, huyu yuko Mombasa. Tulipofika kwa wajukuu aliniambia niongeze waliozaliwa tangu hapo, pamoja na watoto wao, akiwemo binti yangu aliyezaliwa hapa Braunschweig na ambaye hajawahi kufika Migosi. Nilimwandika mwishoni kabisa.

"Hapana," mama alisema. "Wewe ni wa nyumba ya baba yako. Watoto wa kaka yako mkubwa, halafu wako, halafu nyumba ya baba yako mdogo."

Niliutia kivuli mstari ule mmoja, nikaukata, nikaupandisha.